Mbuzi Aliyesomwa na Mtu Mmoja

Harufu ya utumbo wa mbuzi uliofunguliwa sasa hivi haifanani na harufu ya nyama. Ni harufu ya majani yaliyotafunwa, ya maziwa yaliyoanza kuchacha, na ya joto lenyewe, kama joto linaweza kuwa na harufu. Mwezi uliopita, tulipomzika baba hapa Kanamkemer, pembeni ya Lodwar, wazee walichinja mbuzi nyuma ya nyumba, wakamfungua, wakaketi mduara kumsoma. Upepo ukaniletea harufu hiyo nikiwa nimeinama juu ya sufuria ya chai. Niliweka kijiko chini nikaenda kusimama barabarani, karibu na duka la kuchaji simu. Watu walidhani nimezidiwa na kilio. Hawakukosea sana, ila kilio changu hakikuwa cha siku hiyo.

Nawaeleza ninyi kwa sababu nyumbani kila mtu analo jina la baba mdomoni, na hakuna anayetaka kusikia neno langu.

Kwa redio aliitwa Apaloreng. Kwetu Turkana mwanamume hupewa jina la fahali wake, na baba alipokuwa kijana alikuwa na fahali mwekundu. Apaloreng ni hivyo tu, baba wa mwekundu. Fahali mwenyewe aliibwa na wavamizi kabla sijazaliwa. Mama alikuwa akisema fahali alienda akabaki baba peke yake, na kelele za wawili.

Alianza kwa matangazo madogo. Stesheni ilipofunguliwa Lodwar, katika nyumba iliyokuwa stoo ya saruji, walitafuta mtu wa kusoma kwa Kiturkana na Kiswahili bila kujikwaa. Baba alikuwa katekista, amezoea kusimama mbele ya watu. Wakampa ngamia waliopotea, vifo, na siku za chanjo ya mbuzi. Ngamia akitangazwa na baba alipatikana. Hakusema tu ngamia jike mweupe. Alieleza anavyotembea kama mama mkwe aliyekasirika, na sikio lipi analilaza akisikia maji. Akitangaza kifo, watu ambao hawakumjua marehemu walikaa chini wakashika vichwa.

Ndipo wakampa saa nzima ya jioni, awe na kipindi chake cha kuzungumza na kupokea simu. Siku ya kwanza walimketisha kwenye kiti cha magurudumu. Alipotaka kukazia neno kiti kikarudi nyuma pamoja naye, na wasikilizaji wakasikia mtu akienda mbali huku anaendelea kutoa maoni. Kesho yake alikuja na ekicholong chake, kile kigoda cha mbao ambacho wanaume wetu hutembea nacho mkononi, cha kukalia mchana na cha kulazia kichwa usiku. Maikrofoni ikabidi ishushwe na kufungwa kwa kamba. Kipindi kikaitwa Kigoda. Kila jioni alianza vilevile: "Kama umesimama, kaa. Mimi nimeshakaa." Na watu walikaa kweli. Nimewaona kwa macho yangu, wanaume wazima, wakiketi mchangani mbele ya duka kwa sababu redio imewaambia.

Sisi mchana tulianika betri juu ya bati zipate nguvu ya jioni. Nilikuwa darasa la tatu na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza, kama mtu anayegeuza chapati. Mpaka leo nikishika betri yenye joto la jua nasikia koo la baba likikohoa kabla ya salamu.

Baba alikuwa mtu wa kushika ya zamani. Alisema vijana wanauza mbuzi ili wanunue simu, kisha wanatumia simu kuuliza mbuzi ni pesa ngapi. Hakupenda harusi bila mifugo, hakupenda ofisi zinazomjibu mzee kwa Kiingereza, hakupenda wahubiri wanaowaambia wanawake kwamba shanga ni za shetani. "Mama akivua shanga zake," alisema, "nitajuaje kama amefiwa au amepata diploma?" Kwetu mwanamke huvua shanga akiwa kwenye msiba, na kila mtu alijua hivyo, kwa hiyo mji mzima ulicheka. Mama pia alicheka, akiwa na shanga zake zilizopanda tangu mabegani mpaka kidevuni. Wakati huo nilifikiri hakuna mtoto duniani mwenye baba kama wangu. Na mengi aliyosema, nisifiche, hata sasa naona yalikuwa kweli.

Kisha mvua ikakataa, na mwaka uliofuata ikakataa tena. Mbuzi walikufa wamesimama, wameegemea ua. Na Kakuma, huko barabarani kwenda mpakani, wakimbizi wa kambini walikuwa wakipata mgao wa nafaka na mafuta huku wenyeji wakiangalia. Jambo hilo lilikuwa linauma, na baba aliliweka mdomoni. Mwanzoni aliuliza maswali tu. Kwa nini kisima kiko ndani ya kambi? Kuni za watu wote hao zinakatwa wapi? Nani alituuliza? Simu zikaanza kumiminika kuliko zamani. Meneja wa stesheni akamwongezea muda. Baba alipoona swali linaleta simu nyingi kuliko jibu, akaacha kutafuta majibu. Jioni baada ya jioni sauti yake ikawa ya chini zaidi, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Hiyo ndiyo sauti iliyoniogopesha. Sikujua kwa nini.

Mama naye alikuwa akifanya biashara Kakuma. Alinunua samaki wakavu waliotoka Kerio, karibu na ziwa, akawapeleka kwa lori, akarudi na mtama, maharagwe na mafuta. Alikuwa akiuzia kwenye kibanda cha Mama Achol, mwanamke kutoka Sudan Kusini, mrefu, mwenye mistari ya chale kwenye paji la uso, aliyeimba nyimbo za kanisa akipepeta nafaka. Hawakuwa na lugha moja nzuri. Walitumia Kiswahili cha kukatakata, na palipokatika walicheka. Mara moja niliugua malaria nikiwa huko na mama, na ni Mama Achol aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati ya kambi, akakaa nami pale nikimtapikia kanga. Baba alijua. Alimtumia mbuzi wa shukrani.

Ndiyo maana siku moja mama alimngoja mlangoni aliporudi kutoka stesheni.

"Baba Akiru, leo umesema watu wa kambi wanatula tukiwa hai. Huo mtama uliokula jana ulitoka wapi?"

"Mimi sisemi mtu. Nasema watu."

"Mama Achol si watu?"

"Mama Achol ni Mama Achol."

"Basi sema hivyo huko kwa redio."

Baba alicheka akivua viatu. "Nikisema hivyo, nani atapiga simu?"

Mama hakucheka. Akiru ni mimi, na nilikuwa kwenye kona nikila huo mtama.

Haukupita muda mrefu, mchungaji mmoja akakutwa amekufa kwenye laga, ule mto mkavu upande wa Kakuma, na mbuzi wake hawapo. Nani alimuua hakuna aliyejua, na mpaka leo hakuna anayejua. Jioni ile betri zetu zilikuwa dhaifu nikashikilia redio sikioni. Mtu akapiga simu kutoka Lokori, akaanza kwa salamu.

"Apaloreng, ejok!"

"Ejok nooi. Kaa chini, ndugu yangu."

"Sikai. Tumechoka kukaa. Wewe ni mtoto wa msomaji. Mzee wako alisoma matumbo, hakuwahi kukosea. Chinja basi, utuambie adui anatoka wapi."

Nilisikia kigoda kikilia chini ya baba.

"Jumamosi," alisema. "Nitachinja mbuzi wangu mwenyewe. Jioni nitawaambia nilichoona."

Hapa lazima niwaeleze kitu. Kusoma matumbo kwetu si uganga wa kujificha. Mbuzi akifunguliwa, utumbo unatandazwa, na ndani yake mnaonekana nchi: mishipa ni njia na mito, uvimbe ni vilima, doa jekundu ni damu itakayomwagika. Babu alikuwa hodari kwa hayo. Lakini hata babu hakusoma peke yake. Wanaume huketi mduara, mmoja anaonyesha kwa kijiti, mwingine anasema hapana, hilo doa ni la kisu tu, wa tatu anamtetea wa kwanza, na wanabishana mpaka nyama inakaribia kuungua. Kinachobaki baada ya ubishi ndicho kinachochukuliwa. Msichana hafundishwi. Ila baba alinipenda, na nilipokuwa mdogo aliniketisha pajani kwenye mduara akininong'oneza, hii njia, huu mto, hapa sisi. "Wewe angalia tu," aliniambia, "usiseme." Basi nikajua kuangalia.

Wiki ile mji ulikuwa ukitungojea. Nikitumwa sukari, muuza duka aliniongezea kidogo akiuliza mbuzi ameshachaguliwa. Vijana wa boda boda walinizuia njiani. "Niaje, mtoi wa Apaloreng! Mbuzi ni wa rangi gani? Mwambie buda asituangushe!" Wengine waliweka marungu mapya kwenye pikipiki zao, yamepakwa mafuta. Nilifikiri ni ya sherehe.

Ijumaa asubuhi mama alikuwa akifunga samaki kwenye gunia. Alisema bila kuinua kichwa, "Kesho ita wazee. Usisome peke yako."

"Wazee wataanza kubishana mpaka Jumatatu," baba akajibu. "Redio haingoji wabishi."

"Basi ahirisha."

"Mama Akiru, nimeshasema kwa watu."

Mama alikaza kamba ya gunia. Kisha akapanda lori la Kakuma, akakaa juu ya magunia, shanga zake zikimetameta kila lori liliporuka shimo, na mimi nikapunga mkono mpaka vumbi likafunga.

Jumamosi baba alichinja mbuzi wetu mweusi mwenye kidevu cheupe. Alifunga mlango wa ua. Alimfungua taratibu, akatandaza utumbo juu ya majani ya mkoma, na ile harufu ikapanda. Nilikuwa nimeshika bakuli la damu. Aliangalia. Alichukua kijiti akafuata mshipa mmoja, akarudi, akafuata mwingine. Nzi walikuwa wanatua na hakuwafukuza.

"Unaona nini?" aliniuliza. Hakuwahi kuniuliza hivyo.

Nilichutama. Niliifuata njia ya kwenda Kakuma, ilikuwa nyeupe. Nikaufuata mto, ulikuwa mweupe. Mahali petu palikuwa safi kama shuka iliyofuliwa. Nilitafuta doa jekundu kwa bidii, kama mtoto anayetaka kupata jibu la mwalimu, na sikulipata.

"Sioni damu, apa," nikamwambia baba.

Nje ya ua tulisikia pikipiki zikisimama, watu wakiongea kwa sauti ya chini, wakitungoja. Baba aliinua kichwa akasikiliza upande ule, si upande wa mbuzi.

"Macho yako bado machanga," alisema. Akakunja utumbo ule haraka, akawatupia mbwa.

Jioni hakuanza kama siku zote. Alikohoa, akasema, "Leo sitawaambia mkae." Halafu akasema ameona njia ya Kakuma, na njia ile ni nyekundu kutoka kambini mpaka kwenye nyumba zetu. Alitaja laga. Alimtaja mchungaji aliyekufa. "Mimi simtumi mtu," alisema kwa ile sauti ya chini. "Nawaambia tu nilichoona ndani ya mbuzi wangu mwenyewe." Wakacheza wimbo. Nje, pikipiki ziliwashwa moja baada ya nyingine, na sauti zao zikaelekea barabara kubwa.

Nilikaa na redio mapajani. Nilijilaumu kwa kuwa na macho mabovu. Nilifikiri, kumbe damu ilikuwepo na mimi sikuiona, na mama yuko huko huko ilipo.

Jumapili lori lilirudi bila mama. Utingo hakushuka, aliongea na baba kutoka juu, akiangalia pembeni. Alisema vijana wa Kakuma mjini walikuwa wamesikiliza redio, wakaungana na hawa wa kwetu, na usiku waliingia sokoni pembeni ya kambi. Vibanda vimeungua. Fundi mzee wa viatu, aliyekuwa akilala kwenye kibanda chake karibu na kile cha Mama Achol, hakutoka. "Na mke wangu?" baba akauliza. Utingo akasema hajamwona. Kisha akasema neno ambalo nadhani lilimtoka tu: "Walikuwa wanaimba jina lako, mzee. Apaloreng ameona, Apaloreng ameona."

Baba alitoka na kigoda chake akakaa nje ya ua, karibu na barabara. Hakula. Simu yake ililia na kulia, watu wa Kigoda wakitaka kumpongeza, na kila ilipolia aliishika haraka, akasikiliza, akaiweka chini. Jirani mmoja alipita akasema, "Apaloreng, uliona vizuri!" Baba alimwitikia kwa kichwa. Jioni watu wa stesheni walikuja kumchukua, akasema anaumwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia redio yetu ikicheza nyimbo tupu saa ya Kigoda.

Mama alifika siku iliyofuata, kwenye gari la masista. Baba alimwona kabla yangu. Aliinuka, kigoda kikaanguka, na akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Shingo ya mama ilikuwa tupu. Hakuna ushanga hata mmoja. Ngozi ya shingo ilikuwa imepauka, kama ya mtu mgeni, haijawahi kuona jua. Kwetu shingo kama hiyo inasema kitu kimoja tu. Baba alinitafuta kwa macho, akanishika bega, akahesabu watu wa nyumba yake, akaona wote wapo.

"Nani amekufa?" aliuliza. "Mama Akiru, umevua kwa ajili ya nani?"

Mama alikuwa na kitambaa kimefungwa kichwani, kimelowa upande mmoja. Alishuka polepole, sista akimshika.

"Shanga zako ziko wapi?"

"Uliza mbuzi wako," mama akasema. Akapita.

Mengine niliyapata vipande vipande, kutoka kwa sista, na mengine kutoka kwa mama mwenyewe nilipokuwa nimeshazaa. Moto ulipoanza, mama alikuwa amelala kwa Mama Achol. Alivua shanga zake zote, akamvisha. Akampa shuka yake, akampaka mafuta na vumbi jekundu juu ya zile chale za paji la uso, akamwambia atembee ameinama kama mama wa Kiturkana aliyebeba kuni, asiseme neno hata akisalimiwa. Mama Achol akapita katikati ya vijana wenye marungu, na mmoja wao akampisha kwa heshima. Mama, aliyebaki nyuma na shingo tupu na kanga ya mwenzake, alipigwa kichwani kutoka nyuma kabla hajafungua mdomo kusema chochote kwa Kiturkana. Aliyempiga alipomsikia akilia kwa lugha yake, aliomba msamaha na kukimbia. Sikio la kushoto halikusikia tena.

Mama Achol hakurudi kibandani. Tulisikia alihamishwa, kisha alipelekwa nchi ya mbali, hatujui ipi. Shanga zilienda naye.

Kigoda kiliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Baba akawa maarufu zaidi. Wanasiasa walimtafuta, mikutano ilimngoja. Alizungumzia mahari, mashamba, nguo za wasichana, na wengi walimpenda. Kwenye mazishi yake barabara ilijaa. Hakuchinja tena mbuzi kwa ajili ya redio. Mtu akimwomba alisema macho yamezeeka. Nyumbani alikuwa mpole kupita zamani, akinifundisha hesabu, akimtengenezea mama chai na kukaa upande wa sikio zima. Siku moja alileta shanga mpya kutoka sokoni, nyingi, za rangi ambazo mama alizipenda. Mama alishukuru, akazitundika kwenye msumari ukutani. Zilikaa hapo. Vumbi lilishika, akazifuta, akazitundika tena.

Na mimi nilikua nikiamini nina macho mabovu. Hilo ndilo ninalowaambia ninyi, kwa sababu ndilo lililonichukua muda mrefu. Miaka mingi niliamini damu ilikuwa ndani ya mbuzi yule na mimi nilishindwa kuiona, maana si ilitokea? Njia ya Kakuma si ilikuwa nyekundu kweli? Ilinibidi niwe mtu mzima, nimkute mzee mmoja wa mduara wa babu akifundisha vijana, akiwakaripia wawili waliokubaliana upesi mno, ndipo nikafahamu. Ule ubishi ndio ulikuwa kazi yenyewe. Baba alifunga mlango wa ua ili asibishiwe, na redio nayo haina wa kumbishia mpaka yeye mwenyewe apokee simu. Mbuzi alikuwa safi. Damu aliitoa baba mdomoni, nayo ikatii, kama watu walivyokuwa wakitii wakiambiwa wakae.

Bado namlilia. Sijui mtu hufanyaje ili amlilie baba nusu, kwa hiyo namlilia mzima.

Siku ile ya mazishi nilirudi kutoka barabarani nikakuta wanawake wa ukoo wameingia kwa mama. Walikuja kufanya desturi, kumvua shanga mjane, wameshika mafuta na kitambaa cha kuziwekea. Mkubwa wao aliinua shuka mabegani mwa mama na kunyoosha mikono. Ikasimama hewani. Palikuwa na ngozi tu, ngozi nyeusi iliyochomwa na jua la miaka yote ile, imefanana na mikono yake.

Yule mama mkubwa alitazama zile za ukutani. "Tuvue hizo?"

"Hizo sijawahi kuvaa," mama alisema. Alisema kwa sauti kubwa kidogo, kama wanavyosema watu wenye sikio moja. "Mimi nilishavua. Ninyi mmechelewa."

Wakakaa chini pamoja naye, bila la kufanya. Nyuma ya nyumba wazee walikuwa bado wanabishana juu ya utumbo wa mbuzi.